Mbio za nyika juani: mbinu kwa walimu wa wasichana Handeni na Korogwe

Shule zinapofunguliwa Januari, jua la kaskazi huwa limeshika. Korogwe iko bondeni, chini ya Milima ya Usambara, na kufikia saa 3 asubuhi ardhi ya pale tayari inarudisha joto usoni. Handeni kuna upepo kidogo, lakini kukavu na kivuli ni cha kutafuta. Ndicho kipindi ambacho timu za mbio za nyika huanza kujengwa, ili mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, yakifika katikati ya mwaka, wakimbiaji wawe wameiva. Mashindano makubwa yenyewe huangukia kipupwe. Mazoezi magumu na michujo ya awali ndiyo inayoangukia joto.

Kwa hiyo mwalimu wa michezo wa huku ana kazi mbili: kumfundisha msichana kukimbia, na kumfundisha kukimbia juani akarudi bwenini salama. Kazi hii ya pili haihitaji vifaa vya gharama. Inahitaji saa sahihi, maji, kivuli, na mtu mzima mwenye mamlaka ya kusema "basi". Joto hupima maandalizi ya watu wazima kuliko linavyopima ujasiri wa mkimbiaji.

Joto linafanya nini mwilini

Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika, zaidi ya robo tatu, hugeuka kuwa joto. Mwili hulitoa joto hilo kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kwa kutoa jasho. Jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka chini bila kukauka, mwili umepoteza maji na haukupata nafuu.

Ndiyo maana joto la Handeni si sawa na joto la Tanga mjini. Handeni hewa ni kavu: jasho hukauka upesi, msichana haoni kama amelowa, anadhani hajapoteza maji, kumbe amepoteza mengi. Tanga hewa ya bahari ina unyevu: jasho humtiririka na jezi inamganda mwilini, lakini mwili haupoi. Timu ya Handeni inayokwenda kushindana Tanga iambiwe jambo hili mapema, na ipange kuanza mbio taratibu kuliko ilivyozoea nyumbani. Shule za Lushoto zinazoshuka Korogwe zina kazi kubwa zaidi, maana wasichana wao wanatoka kwenye baridi ya milimani.

Damu nayo ina kazi mbili kwa wakati mmoja, kulisha misuli na kupoza ngozi. Msichana anayekimbia kasi ileile aliyoizoea asubuhi, sasa juani, moyo wake unapiga kwa haraka zaidi kwa kazi ileile. Joto la mwili linaweza kupanda hadi kiwango cha hatari hata katika mbio fupi ya dakika 20 au 30, kwa sababu kasi ndiyo inayozalisha joto. Wengi hudhani kiharusi cha joto ni shida ya wakimbia marathoni tu. Hapana, hata mbio za kilomita 4 zinaweza kukileta.

Wazoeze kwa wiki mbili

Mwili hulizoea joto ukipewa muda. Ndani ya siku 7 hadi 14 za mazoezi ya juani, mkimbiaji huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi, maji ya damu huongezeka, na moyo hupiga taratibu zaidi kwa kasi ileile. Lakini mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache akikaa bila joto. Aliyekuwa likizo Lushoto mwezi mzima anaanza upya.

Fanya hivi:

1. Siku tatu za kwanza, mazoezi ya juani yasizidi dakika 20 hadi 30, kwa mwendo wa mchakamchaka. Kipimo ni rahisi: wakiweza kuimba na kuitikia, kasi inafaa. Wimbo ukikatika, punguza.
2. Kuanzia siku ya nne, ongeza dakika 5 hadi 10 kila siku. Fanya saa 10 jioni, jua likiwa bado lina nguvu lakini limeanza kuinama. Usiwapeleke saa 7 mchana kwa kisingizio cha kuwakomaza.
3. Mazoezi ya kasi, yaani yale ya kukimbia mita 400 au 800 kwa kurudiarudia, yabaki asubuhi, saa 12 na nusu. Joto na kasi visikutane siku moja mpaka wiki ya pili.
4. Siku mbili za mwisho kabla ya mashindano, punguza kazi. Aliyechoka hulimudu joto kwa shida.

Chagua njia kwa kuangalia kivuli. Barabara za mashamba ya mkonge ni nzuri kwa miguu kwa kuwa ni vumbi laini na zimenyooka, ila mkonge hautoi kivuli, na msichana akilegea katikati ya shamba yuko mbali na maji. Mkikimbia huko, zungukeni mzunguko mfupi wa kilomita 1 au 2 unaorudi palipo na ndoo, badala ya kwenda moja kwa moja kilomita 4 na kurudi.

Pigania saa ya kuanza

Katika mambo yote ya siku ya mashindano, saa ndiyo yenye uzito kuliko mengine. Mbio iliyopangwa saa 1 asubuhi na ikaanza saa 1 ni tofauti kabisa na iliyopangwa saa 2 ikaanza saa 4 na nusu kwa kuwa mgeni rasmi hajafika.

Kila mwalimu ameshaiona hali hiyo. Wasichana wamepangwa mstari, namba zimebanwa vifuani, wamekwisha kupasha misuli moto, halafu wanaambiwa wasubiri. Wanasubiri wakiwa wamesimama juani. Meza yenye kitambaa na chupa za maji ipo chini ya turubai, nao wako nje yake. Filimbi inapopulizwa, wengine wamesimama saa nzima bila kunywa hata tone, na mwili umepata moto kabla ya hatua ya kwanza.

Mweleze mwandalizi kwa heshima na mapema: mbio zianze asubuhi na mapema, hotuba na zawadi zije baadaye. Mgeni rasmi atawakuta washindi wamekwisha kunawa na kupumzika, na picha zitapendeza zaidi. Ukihitaji mfano wa kumshawishi, upo. Katika Olimpiki ya Tokyo, marathoni ya wanawake ilikimbiwa Sapporo tarehe 7 Agosti 2021. Usiku wa kuamkia mbio, waandalizi waliisogeza kutoka saa 1 hadi saa 12 asubuhi kwa sababu ya joto, na Peres Jepchirchir wa Kenya akaishinda. Ikiwa ratiba ya Olimpiki ilisogezwa usiku mmoja kabla, ya wilaya nayo inasogezeka.

Ratiba ikichelewa licha ya yote, usiwaache mstarini. Warudishe kivulini, walowanishe shingo na mikono, wape maji kidogo, na wapashe misuli upya kwa dakika 5 tu mbio zikikaribia. Siku ya joto, kupasha misuli kwa muda mrefu ni kupoteza akiba.

Maji, chumvi na choo

Unywaji huanza jana yake. Mwambie kila msichana aangalie mkojo wake asubuhi: ukiwa njano hafifu, yuko sawa, ukiwa umekolea kama chai ya rangi, ana deni la maji. Saa mbili au tatu kabla ya mbio anywe kama nusu lita, polepole. Dakika 15 kabla, mafunda machache. Katika mbio ya kilomita 4 hadi 6 hana haja ya kunywa sana njiani. Maji ya njiani yana faida zaidi yakimwagwa kichwani na shingoni.

Lakini hapa kuna jambo ambalo walimu wa kiume hasa hulipita. Wasichana wengi hawanywi maji siku ya mashindano kwa makusudi. Wanajua uwanjani hakuna choo, au kipo lakini hakina mlango, au kiko upande waliko wavulana. Aliye kwenye hedhi ana sababu zaidi ya kujibana. Unaweza kuhubiri maji tangu asubuhi, wasikunywe. Kabla ya kununua katoni ya maji, kagua choo. Kama hakuna kinachofaa, ombeni cha shule au nyumba ya jirani, muwe na mwalimu wa kike au matroni wa kuwasindikiza, ndoo ya maji, sabuni na pedi za akiba. Choo kikiwepo, watakunywa bila kusukumwa.

Handeni maji yamekuwa shida ya miaka mingi, na uwanja wa mashindano mara nyingi hauna bomba. Beba madumu. Kwa timu ya wasichana 12, madumu mawili ya lita 20 ya kunywa ni kiasi cha kuanzia, na mengine matatu au manne ya kupozea mwili, ambayo si lazima yawe yamechemshwa. Yatie alama yasichanganywe.

Mbio zikiisha, anayetoka jasho jingi anahitaji chumvi pia. Chakula cha kawaida chenye chumvi hutosha kwa wengi: ugali, maharage, mboga, na chungwa, ambalo kuanzia Segera hadi Muheza halikosekani msimu wake ukifika. Aliyelegea, mpe ORS. Pakiti zikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi ya kunywa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Kipimo kisizidishwe, chumvi nyingi ni hatari.

Mavazi

Jezi iwe nyepesi, pana kidogo na ya rangi isiyokoza. Fulana nzito za pamba hulowa jasho zikabaki nzito. Kitambaa chepesi cha michezo hukauka. Kwa msichana anayejisitiri, na katika shule za mkoa huu wa Tanga ni wengi, tafuta hijabu ya kitambaa chepesi kinachovutika, inayokaa bila pini nyingi, na mikono mirefu ya kitambaa hichohicho. Akiilowanisha hijabu kabla ya kuanza, inageuka kuwa msaada wa kumpoza. Asilazimishwe kuivua ili "apate hewa". Lishughulikie jambo hili wiki kadhaa kabla, akifanyia mazoezi vazi lilelile atakaloshindania.

Anayekimbia pekupeku apewe nafasi ya kukagua njia asubuhi. Mchanga na lami ya saa 4 huunguza nyayo, na malengelenge hubadili mwendo mzima.

Nani apumzishwe

Kabla ya kila shindano, mwalimu wa kike azungumze na kila msichana peke yake, kwa faragha, dakika mbili tu. Aulize:

- Umekuwa na homa, kuharisha au kutapika wiki hii? Mwenye malaria au aliyetoka kuugua hakimbii, hata kama ndiye tegemeo. Mwili wenye homa umeanza mbio ukiwa na moto tayari.
- Una selimundu, au nyumbani yupo mwenye nayo? Kama jibu ni ndiyo, aonwe na daktari kabla ya kukimbia, na joto na ukosefu wa maji viepukwe kabisa.
- Hedhi yako ni nzito? Unasikia kizunguzungu ukisimama? Upungufu wa damu ni jambo la kawaida kwa wasichana wa umri huu. Apelekwe kupima. Chakulani aongezewe maharage, dagaa, mchicha na matembele, na chai ikae mbali na mlo huo, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.
- Umefunga? Katika Ramadhani, asiyekunywa tangu daku asipewe mazoezi makali ya mchana. Mpe mazoezi mepesi karibu na magharibi, au baada ya futari. Kwa miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazi, basi panga msimu mzima ukijua hivyo.

Kasi

Maji hayamkingi anayekimbia kupita uwezo wake. Kinga iliyo mikononi mwa mkimbiaji mwenyewe ni kuanza taratibu.

Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, kwenye joto na unyevu wa pwani yetu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu mara tano mfululizo. Siku hiyo mwili ulimgomea, akatoka njiani mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua taji. Kama joto lilimtoa Bekele, hakuna msichana wa kidato cha pili anayepaswa kuona haya kulisikiliza.

Doha 2019 inafundisha upande wa pili. Marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ilianza karibu saa 6 usiku kukwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43. Januari ya mwaka uleule alikuwa amekimbia saa 2:17:08 kule Dubai. Alikwenda taratibu kwa zaidi ya dakika 15 na akarudi na dhahabu. Kwenye joto, anayeshinda ni yule anayeikubali kasi ambayo siku inaruhusu.

Mbio za nyika zinakubaliana vizuri na hekima hiyo, kwa sababu zinahesabu nafasi, na saa haina neno. Katika mashindano ya dunia ya vijana, timu ina wakimbiaji sita na wanne wa kwanza ndio wanaohesabiwa; msichana wa nne ana thamani sawa na wa kwanza. Kwa hiyo fundisha hivi:

1. Theluthi ya kwanza wakimbie pamoja, wawili wawili au watatu watatu, kwa kasi inayowaruhusu kusema sentensi fupi. Waache wanaochomoka wachomoke.
2. Theluthi ya pili waanze kuokota mmoja mmoja aliyelegea mbele. Wapite kwenye kivuli kila kinapopatikana bila kutoka nje ya njia.
3. Theluthi ya mwisho, aliye na nguvu aende. Aliyeanza kusikia baridi au vipele vya ubaridi juani, au anayeona giza, asimame. Hizo ni dalili za hatari.

Alphonce Simbu alitupa mfano wa nyumbani Tokyo, Septemba 2025. Katika asubuhi ya joto alikaa na kundi marathoni nzima, kisha mita za mwisho akampita Mjerumani Amanal Petros, wakapewa muda sawa wa saa 2:09:48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Wasimulie wasichana wako mbio hiyo kabla ya kuwapa mpango wa kasi.

Akianguka

Wengi wanaoanguka baada tu ya mstari wa mwisho wamezimia kwa sababu damu imebaki miguuni. Mlaze kivulini, inua miguu, na dakika chache atakuwa anaongea. Ili hali hiyo isitokee, anayemaliza aendelee kutembea, asisimame ghafla.

Kiharusi cha joto ni kingine, na akili ndiyo inayokitambulisha. Muulize: Unaitwa nani? Uko wapi? Leo siku gani? Akijibu ovyo, akiweweseka, akiwa mkali bila sababu, akiyumba au kupoteza fahamu huku mwili una moto, usingoje. Anaweza kuwa bado anatoka jasho; ngozi kavu si sharti. Kipimajoto cha kwapani nacho hudanganya, kikaonyesha joto dogo kuliko lililo ndani.

Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Hivi ndivyo:

1. Mpeleke kivulini. Wasichana wenzake wasimame wakishika kanga kumkinga na macho ya watu. Mwalimu wa kike amvue viatu na nguo za juu zisizo za lazima.
2. Tandika turubai, mlaze juu yake. Watu wanne hadi sita wainue kingo ziwe bwawa. Mwageni maji ya madumu na barafu yote iliyopo, yatikiseni yazunguke mwilini. Kichwa kishikwe juu ya maji muda wote.
3. Bila barafu, endeleeni kummwagia maji mwili mzima huku wengine wakimpepea kwa nguvu. Kanga zilizolowa zibadilishwe kila dakika moja au mbili.
4. Asipewe kitu mdomoni kama hana fahamu kamili. Akitapika, alazwe ubavu. Panado haisaidii hapa.
5. Mtu mmoja apigie gari na hospitali mara moja. Endeleeni kupoza mpaka aongee vizuri au aanze kutetemeka, kwa kawaida dakika 15 hivi, kisha apelekwe, Korogwe ni Magunga, Handeni ni hospitali ya wilaya. Njiani apozwe vilevile. Asipakiwe kwenye bodaboda.

Lifanyieni mazoezi hili mara moja kila muhula, mkimtumia msichana mwenye afya. Mtu ambaye hajawahi kuinua turubai lenye maji hatajua kuliinua siku ya taharuki.

Neno la mwisho ni la mwalimu

Msichana aliyejitoa kwa ajili ya shule yake hatasimama mwenyewe. Atasema, "Mwalimu, naweza," huku miguu inakataa. Kubalianeni kabla ya msimu kwamba mwalimu akisema "Mwanangu, leo basi," imekwisha, bila kubishana. Naye ajue tangu mwanzo kwamba kusimamishwa hakumwondoi kwenye timu. Wasichana huficha kizunguzungu kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye basi la safari ijayo. Hofu hiyo ikiondoka, watakuambia mapema, ukiwa bado na nafasi ya kusaidia.

Mkuu wa shule akiuliza timu inahitaji nini msimu huu, mpe orodha hii: madumu sita, turubai moja, kanga sita, deli la barafu, pakiti za ORS, pedi, namba ya simu ya dereva aliye tayari, na barua ya kuomba mbio zianze saa 1 asubuhi. Jezi mpya zinunuliwe fedha ikibaki.